Mbegu ya Waliobaki

Samaki wa Monika walikuwa wamekufa tena. Kisima chao pale Mwandoya kina maji ya chumvi, na kila kiangazi bwawa likijazwa kwa maji hayo, sato aliowanunua wakiwa vifaranga huko Bariadi huelea matumbo juu. Safari hii walibaki wachache tu, wembamba, wa kutia huruma.

Mumewe, Bujiku, alikuja na ndoo. Rafiki yake Luhende alikuwa amefika kutoka Maswa, na mgeni lazima ale.

"Wakaange hawa, kesho nifukie shimo," alisema. "Umehangaika vya kutosha, mama Salu."

Roho ilimuuma Monika. Winnie, afisa uvuvi wa wilaya, alikuwa amemwambia jambo ambalo halikumtoka kichwani: kustahimili chumvi kunaweza kuwa kwenye damu, mzazi akamrithisha mtoto. Waliobaki wakizaa, huenda uzao wao ukastahimili zaidi.

"Baba Salu, mwaka ule wa ukame ng'ombe wako walipokwisha, si alibaki Mabaka?"

"Alibaki. Mifupa mitupu."

"Ulimchinja?"

Bujiku alimtazama kana kwamba ametukanwa. Nusu ya zizi lake ni uzao wa Mabaka, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kusimuliwa habari zake.

"Yule alikuwa mbegu," alisema, kisha akachungulia bwawani. Siku hiyo Luhende alikula kuku.

Mvua zikaja, samaki wakazaana. Kiangazi kiliporudi, Monika aliongeza maji ya kisima, na kila asubuhi alikwenda bwawani kuwaangalia. Wapo waliokufa, hakuna haja ya kudanganya. Lakini wengi walikuwa hai, wakigombania pumba.

Asubuhi moja alimkuta Bujiku ndani ya maji, ndoo pembeni, akiwavua wale wazazi wenyewe.

"Unawapeleka wapi hao?"

"Kwa Luhende. Naye amechimba bwawa, na kisima chake chumvi tupu." Bujiku hakuinua hata uso. "Nachukua nusu, wakae kwake. Ng'ombe wa maana huwaweki wote zizi moja, mama Salu. Ugonjwa ukiingia, utabaki na nini?"

Monika alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akapandisha kitenge, akaingia majini kumshikia ndoo.