Sufu ya Bi Fadenia

Diokles mchonga mawe alimaliza neno la mwisho asubuhi, akapuliza vumbi, akateremka ngazi kwenda kula maharage yake. Kaburi la Bi Fadenia lilikuwa jengo kubwa la duara kando ya Barabara ya Apia, njia kuu ya kwenda mji wa Kapua, refu kuliko nyumba nyingi za walio hai. Chini ya jina lake paliandikwa: ALITUNZA NYUMBA, ALISOKOTA SUFU.

Uongo mtupu. Fadenia alikufa hajui hata kijiti cha kusokotea kinashikwa upande gani. Aliyesokota miaka ishirini na sita ni mtumwa wake, Thalusa, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kazi hiyo. Lakini wosia wa marehemu ulisema Thalusa awe huru siku kaburi litakapokamilika, basi akayaacha maneno yale yalivyo, akaenda kufunga mzigo wake. Kesho angekwenda zake Kapua kwa binti yake.

Kesho yake neno SUFU lilikuwa limeota sufu, nyeupe, urefu wa kiganja.

"Ninyoe?" Diokles akauliza.

"Nyoa," Thalusa akasema.

Kufika adhuhuri ilikuwa imeota tena, ikafunika mpaka jina. Gavius, mume wa marehemu, akaja, akavuta kidogo, akaisugua kwa vidole.

"Nzuri hii," akasema.

"Bwana," Thalusa akasema, "mwambie Diokles afute hilo neno moja tu, kaburi liwe limekwisha."

"Lifutwe, watu waseme mke wangu alikuwa mvivu? Kaburi lisilosomeka jina halijakamilika. Utalinyoa wewe. Na ukishanyoa, usokote, isiharibike bure."

Diokles akafunga vyombo vyake. "Pole, dada."

"Pole yako inanyoa?"

Diokles akamwachia ngazi. Thalusa akalia siku ile nzima, huku anasokota.

Binti alikuja mara mbili, kisha akatuma salamu, kisha hata salamu zikakoma. Gavius akafa. Mwanawe akarithi sufu pamoja na msokotaji wake.

Mwaka wa kumi na nne, msafiri mmoja alisimama na mkewe, akataka kusoma. Thalusa akapanda ngazi na mkasi, akanyoa, akateremka polepole kwa sababu ya magoti.

Mtu yule akasoma kwa sauti. "Umesikia?" akamwambia mkewe. "Hawa ndio waliokuwa wanawake. Walijua kazi."

"Sogea kidogo, bibi," mke akamwambia Thalusa, "unanizibia."

Thalusa akasogea, kijiti kikizunguka mkononi mwake.