Viatu vya Baba Mkwe

Yule fundi cherehani mstaafu alikuwa amechoshwa na mengi, lakini hakuna lililomlemea kama kuvishwa viatu na mke wa mwanawe. Kila asubuhi binti huyo wa watu alipiga magoti sakafuni, akamvisha kiatu cha mguu wa kushoto, kisha cha kulia, akafunga kamba huku mzee akitazama dari. Tumbo lilikuwa limekua hata likamfichia miguu yake mwenyewe, na magoti yalilia kama bawaba kavu. Heshima ya mkwe ni kukaa naye kwa staha. Staha gani tena, ikiwa nyayo zako zimo viganjani mwake?

Ndipo alipokubali ushauri wa mwalimu wa mazoezi kule zahanati: kusimama na kuketi kitini bila kushika kitu, kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, na kupunguza chakula. Miezi ilipita. Alichoka kabla ya kuanza, akachoka zaidi alipomaliza. Hata hivyo suruali ilianza kumpwaya, naye, kwa kuwa ufundi haustaafu, akaketi kwenye cherehani aipunguze kiuno.

Mkewe akamfuma.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Napunguza suruali."

"Ili watu waone vizuri ulivyokwisha? Jana muuza mkaa kaniuliza kama unaumwa. Na shoga yangu naye eti, 'Shemeji mbona kakonda, siku hizi humpikii?' Mwili huo nimeujenga mimi, kwa mwiko wangu!"

"Umejenga ghorofa, mama. Nguzo ndizo zilizoshindwa."

"Wee! Usinichekeshe, nimekasirika."

Mchana huo alimpakulia chakula kikafanya kilima, akasimama kando kama msimamizi wa mtihani. "Kula."

Fundi akaitazama sahani. Kula ni rahisi kuliko kubishana, na mchovu hupenda njia ya mteremko. Mkono ulikwenda nusu ya safari, ukarudi.

"Mke wangu," alisema polepole, "aibu yako imo midomoni mwa majirani. Yangu hupiga magoti mbele yangu kila kukicha, nayo ndiyo mama wa wajukuu zangu."

Mkewe aliichukua sahani, akaenda nayo jikoni, na huko akakaa kitambo kirefu.

Asubuhi iliyofuata fundi aliwahi kuketi barazani na viatu vyake. Mguu wa kushoto uliingia kwa taabu. Alipouvuta wa kulia juu ya goti, pumzi zilimwishia, jasho likamtiririka machoni.

"Shikamoo, baba." Mkwe aliweka ufagio chini, akaanza kuinama.

"Marahaba. Simama, mama."

"Lakini utachelewa zahanati."

"Nitachelewa."

Binti akasita, asijue amtii au amsaidie. Mama mkwe wake akatokea nyuma, akamshika mkono. "Mwache."

Wakamngoja. Kamba ilimponyoka, akaifuata, ikamponyoka tena. Hatimaye ilifungika, fundo legelege ambalo lingekuwa la mwanafunzi wake angelifumua.

"Haya, inuka twende," mkewe alisema.

"Ngoja kwanza. Nimevaa viatu, kuinuka ni kazi nyingine."

Mkewe akavuta kigoda, akaketi ubavuni pake, naye asiwe na haraka.