Mtandio Mweusi wa Kendi

Misheck ndiye aliyemtia Muthamia wasiwasi. Walikuwa sokoni Kangeta wakifunga miraa kwa majani ya mgomba, Misheck akasema bila kuinua macho, "Mkeo nimemwona tena kule Maua, dukani kwa Faadumo. Anajipima mitandio. Bwana, huyo anasilimu na wewe umelala."

Muthamia alicheka, akaendelea kufunga miraa. Kendi, mkewe, alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Hata hivyo, mambo yalikuwa yamebadilika nyumbani. Kwaresima hii alishinda na chai ya rangi mpaka jioni. Televisheni aliifunika shuka. Kila alfajiri alipiga magoti akinong'ona maneno ambayo si Kimeru wala Kiswahili, simu ikiwa sikioni. Muthamia alipouliza, alijibu, "Ni sala tu, Baba Kinoti," kisha akaizima simu.

Kwa nini aizime?

Akaanza kumchunguza. Alinusa nguo zake. Alimwona akitabasamu peke yake huku akiosha vyombo, akajiuliza anamtabasamia nani. Akakumbuka kwamba Faadumo ana kaka, Khalif, dereva wa pikapu ya miraa, kijana mtanashati mwenye maneno ya upole.

Jumamosi Kendi aliaga kwamba anaenda Maua kununua sabuni. Muthamia akamfuata. Alijibanza ng'ambo ya barabara mpaka akamwona akiingia dukani kwa Faadumo. Punde Khalif naye akaingia. Muthamia akavuka mbio, pikipiki zikimpigia honi.

Ndani, Kendi alikuwa amekaa kwenye stuli. Faadumo alikuwa akishona ukingo wa kitambaa cheusi cha lesi kwa cherehani. Khalif aliweka uzi mezani, akasalimia, akatoka zake.

"Basi ni kweli," Muthamia akasema. "Umebadili dini."

Faadumo akasimamisha cherehani. "Hata mimi nilidhani hivyo, shemeji. Kisha nikadhani anatudhihaki sisi Waislamu. Nikamwuliza, mtandio wa nini na shingoni una msalaba? Akaniambia ni wa kanisani."

"Kanisa gani hilo?"

"Letu," Kendi akasema. "Nyanya yangu alijifunika hivi enzi za Misa ya Kilatini. Zile sala za alfajiri ni zake, za Kilatini. Najifunza kwa simu."

"Na mbona unanificha?"

"Nilipokuomba tusali rozari jioni, ulisema nimekuwa mtawa, ukaenda kusimulia sokoni. Nilichekwa na kila mtu, Baba Kinoti."

Faadumo akarudi kushona, ameinamisha uso.

Siku iliyofuata Muthamia alienda kanisani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu Krismasi. Alijiambia anaenda kuhakikisha. Kendi alipoingia amejifunika, vichwa vikageuka. Mama mmoja wa kwaya akamwinamia, "Mama Kinoti, umefiwa?" Kendi akatikisa kichwa, akapiga magoti.

Wakati wa komunyo watu walipokea mkononi wakiwa wamesimama. Kendi alipofika mbele alipiga magoti kwenye saruji tupu. Foleni ikasimama, mtu akaguna nyuma. Padri naye alisita, akamtazama kama anayejiuliza huyu ametoka kundi gani, kisha akampa ulimini.

Aliporudi kwenye benchi hakumwona hata mumewe. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Muthamia hakuwahi kuiona, hata siku ya harusi yao. Shaka juu ya Khalif ilikwisha kumtoka Muthamia moyoni, lakini wivu haukumtoka; sasa aliuonea utulivu ule.

Nje, yule mama wa kwaya aliwafuata. "Tutaongea na padri. Siku hizi kuna makundi ya ajabu, watu wanapotezwa."

"Ongea naye," Muthamia akasema. "Lakini huyu ni mke wangu, hajapotea. Mimi najua alipo."

Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Wakashika njia ya nyumbani, naye akawa anamtupia Kendi jicho la pembeni.

"Unanitazama nini?"

"Bado sikuelewi."

"Najua," Kendi akasema. "Lakini leo umekuja."