Oili Chafu

...na bado anasema ni mvule, mama huyu, uso mkavu, wala hapepesi macho, na Mulama ameinama juu ya lundo la mbao hapo soko la Mowlem, anakwaruza ubao kwa ukucha wa kidole gumba, chini ya ule wekundu kumbe ni manjano tupu, ni saiprasi, mbao laini ya bei rahisi, saiprasi iliyopakwa oili chafu ya gari, mate yanamjaa mdomoni, watu hawa, watu hawa wanaokuuzia uongo huku wanakutazama usoni... "Fundi, unachukua ama unaangalia tu?" anauliza Mukai, mwenye mbao, Mulama mawazo yako kwenye miguu ya meza yake ya kazi, inchi nne kwa nne, miguu minne isiyotikisika, juu ubao wa inchi mbili, maana tangu kiwanda kiwaachishe kazi meza hii ndiyo itakuwa kiwanda chake, ikitikisika randa itaruka, mlango utatoka mshazari, mteja hatarudi, na Triza ameshasogeza kitanda cha watoto hadi dirishani ili meza ipate nafasi, Triza anayewaambia majirani mume wangu hana ujanja wa mafundi... na hana, hajawahi, ni mafisadi kama huyu mama walioharibia watu kazi, "basi tazama hii, ni benchi la kanisa, walileta viti vya plastiki wakatuuzia haya, hii imekaliwa na watu wa Mungu, fundi, haiwezi kukudanganya," anamsukumia benchi lililopinduliwa, Mulama analiinua kwa mguu wake mmoja wa mbao, mzito, huu ni mvule kweli, mkono unafurahi, unateremka kwenye kiungo, na hapo pembeni vijino vitatu vya patasi, alama ya fundi, alama yake... yake mwenyewe. Mabenchi kumi na mawili, mwaka wa tisini na moja, miguu mvule, vikalio mvule, na ule ubao wa chini unaoshikanisha miguu, saiprasi, nani atapiga magoti auchungulie, alijiambia hivyo, akachukua kopo la oili chafu na kitambaa, akapaka, akalipwa bei ya mvule... na Jumapili ile, sadaka ikipita, ubao ule wa benchi la tatu ukapasuka, Lydiah akaenda chini, Lydiah mnene, gauni likapanda juu ya magoti, kanisa likaangua kicheko, mchungaji akaficha mdomo nyuma ya Biblia, wakasema ni ule uzito, mama apunguze ugali, na Mulama akacheka, alicheka kuliko wote ili asikike akicheka, Jumatatu akalitengeneza benchi bure, wakamwombea baraka, na Lydiah hakukanyaga pale tena, wakikutana njiani hujibana ukutani ampishe, yeye ndiye huomba samahani, samahani fundi, na fundi hupita... anakitazama kidole, kimekuwa cheusi, anakipangusa kwenye suruali, hakitakati, harufu ni ileile ya kopo lile, anajichukia, anajichukia kama mtu aliyeonja chakula kilichooza akagundua amekipika mwenyewe, alitaka kumwita mama huyu mwizi, neno lilikuwa tayari ulimini, sasa limekaa hapo halina pa kwenda, Lydiah anakaa nyuma ya mahakama ya Makadara, mlango wa bluu, anaujua, ameupita mara ngapi, atabisha hodi, atasema nini, aanze na ubao ama aanze na kicheko, kicheko, aanze na kicheko... yale mate aliyokuwa ameyakusanya anayameza, bado ameinama, mkono bado uko kwenye benchi. "Fundi," anasema Mukai, "unachukua ama unaangalia tu?"