Hatua za Kija

Nilikuwa tayari kumpigia nesi Evelina nimwambie saa yake ni mbovu.

Alimvisha binti yangu Kija saa hiyo mwenyewe, kliniki. Kija yuko kidato cha pili, mnene tangu mdogo, na kipimo kilionyesha sukari imeanza kupanda. "Bado haijawa ugonjwa," nesi alituambia. "Akitembea kila siku inaweza kushuka yenyewe. Asipotembea, mama, tutamwanzishia dawa." Saa ingehesabu hatua, programu kwenye simu ya mtoto ingempongeza akifikisha lengo, na nesi angeona kila kitu akiwa huko huko kliniki. Vijana wanapenda simu, alisema, basi tuwafuate humo humo. Nilikubali, ingawa moyoni nilijisemea kwamba enzi zetu cha kumtembeza mtoto kilikuwa ndoo ya maji.

Na kweli, hatua zikaja. Asubuhi nilitoka nyumbani Buhongwa kwenda kwenye kibanda changu cha kushona pale Mirongo, na jioni nikirudi simu ya Kija imejaa nyota na hongera. Nesi akanipigia kumsifu. Nami nikawatangazia wateja wangu wote, hata waliokuja kukata suruali tu.

Halafu tukaenda kupima, sukari ikawa imepanda zaidi. Nesi akaangalia simu, akaangalia kipimo, akamwangalia Kija. Kija akaangalia viatu vyake. "Mkirudi mwezi ujao ikiwa hivi," nesi akasema, "tunaanza dawa." Njia nzima nilimtukana aliyetengeneza saa ile. Hasira ilikuwa ya juu juu tu, ndani nilikuwa naogopa. Baba yangu alikatwa mguu kwa kisukari, na haikuishia kwenye mguu.

Siku chache baadaye, shule zikiwa zimefungwa, umeme ukakatika Mirongo na cherehani yangu ikanyamaza. Nikarudi nyumbani mchana. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, alikuwa barazani akisuka maziwa ya ng'ombe wake wawili, kibuyu kinakwenda mbele na nyuma mapajani pake. Mkononi, pembeni ya bangili zake za shaba, alikuwa amevaa saa ya Kija. Saa ikatetemeka. Mama akasimamisha kibuyu, akaitazama kwa heshima, akaendelea.

"Mama! Hiyo saa inafanya nini hapo?"

"Inafanya kazi."

"Si ya Kija? Kija ndiye wa kutembea!"

"Sasa kelele za nini? Tulipokuwa tunalima, kila mtu alikuwa na ngwe yake. Mtoto akishindwa ngwe yake, nani alikuwa anaimalizia? Wewe nilikumalizia ngapi? Huyu amepewa kazi imemshinda, namsaidia."

Kicheko na hasira vilinishika pamoja. "Mama, hii hailimwi hivyo. Ukitingisha mkono wewe, sukari yake haishuki."

Kibuyu kikasimama. "Haishuki?"

"Imepanda. Watamwanzishia dawa, kama baba."

Aliufunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Mimi nilijua wanataka hesabu itimie," akasema polepole, na nikamhurumia mama yangu kuliko nilivyowahi kumhurumia.

Kija alikuwa mlangoni, machozi yanamtoka. "Bibi hana kosa. Nilitembea siku za kwanza, mama. Pale kijiweni kwa bodaboda wakawa wanasema, 'Lori hilo, pisheni njia!' Wanacheka wote. Nikarudi. Nikamwomba bibi asikwambie."

Roho iliniuma. Nikajifunga khanga kiunoni, tayari kwenda kijiweni kuwapa vijana wale maneno ambayo hata mimi sijawahi kuyatamka. Mama akanizuia. Alivua saa, akamfunga Kija mkononi, akachukua fimbo yake.

"Twende," akamwambia.

Nikawafuata kwa nyuma. Kijiweni, kijana mmoja alikuwa ameshafungua mdomo. Mama akasimama mbele yao, akaegemea fimbo, akangoja. Kijana akaufunga mdomo, kisha akaufungua upya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na huyu mwenye kofia? Na wewe?"

Wakamwamkia wote, mmoja mmoja, mikono ikitoka mifukoni, kofia zikivuliwa.

"Huyu ni mjukuu wangu, anaitwa Kija," mama akasema. "Tutapita hapa kila siku."

Na kila siku wakapita. Mama hatembei haraka, tena kila nyumba ya tatu lazima asimame aulize habari za mifugo. Simu haikutoa hongera hata moja. Kija alikuwa akilalamika, "Bibi, tutafika saa ngapi?" na mama akimjibu, "Kwani tunakwenda wapi?"

Baada ya wiki nesi Evelina alinipigia, nikiwa bado nyumbani. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Mama Kija, hatua za mtoto zimeshuka vibaya. Anaumwa?"

Nilikuwa dirishani. Mama alikuwa amekaa na kibuyu chake, akimwambia Kija kwamba leo yeye ana maziwa ya kusuka, atangulie. Kija alisimama getini kwa muda, akiangalia upande wa kijiwe. Akavuta blauzi yake chini, akatoka peke yake, saa mkononi mwake.

"Haumwi, nesi," nikasema. "Hizo ndizo zake."