Jina la Honorine

Mwaka 2001 nilifundisha kompyuta Gihundwe, Rwanda, na mwanafunzi wangu Mulume alinichosha roho. Alifungua programu nyingi mpaka mashine za Unix za darasa zima, zilizotegemea kompyuta moja kubwa, zikaganda. Nikaweka kikomo: kila mtumiaji programu arobaini kwa wakati mmoja, basi. Nikaenda kulala roho imetulia.

Asubuhi, makelele. "Maman Vénantie, machine inatukatala!" Waliotangulia walikuwa wakifanya kazi, wengine wote wamefungiwa nje. Na Mulume hata hakuwepo!

Nikaangalia ile kompyuta kubwa inawaona akina nani. Ilimwona mtu mmoja tu, mwanafunzi wangu Honorine. Darasa zima lilikuwa limeingia kwa jina lake, likamaliza programu zake arobaini.

"Baliniomba," Honorine akasema. "Nikatale namna gani? Hata chumvi tunagawanyaka."

"Lakini kila mtu nilimpa jina lake la kuingilia!" nikafoka. "Mbona hamyatumii?"

Papa Vénuste, mwanafunzi aliyekulia Bukavu, Kongo, kama mimi na wengi darasani, na kurudi Rwanda baada ya vita, akasema taratibu: "Maman, kule wakati ya vita, jina yako ikiandikwa fasi fulani, kwa orodha ya wanaotafutwa, unakimbia."

Hasira ikaniishia. Nami nilikimbia hivyo hivyo.

Nikavuta kiti, tukaanza upya, mmoja mmoja. Vénuste alikuwa wa mwisho. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, mashine ikamfungulia. Akalitazama kwa muda, akacheka.

"Sasa andika na jina ya bibi yangu, mama ya batoto," akasema.