Bonde la Wasiotajwa

Kikao kilivunjika mchana, na Tusekile, mhandisi wa maji wa mto Kisunga, akarudi nyumbani akajitupa kwenye kochi bila hata kuonja chakula. Asubuhi nzima walikuwa wamebishana juu ya mahali pa kuhifadhi maji: wainue ukuta wa bwawa la zamani, wachimbe malambo madogo kijiji kwa kijiji, au wajenge bwawa kubwa katika bonde la Lwifwa. Bwawa la zamani limejaa mchanga, malambo hukauka mwaka wa ukame, kwa hiyo Lwifwa likashinda. Mwenyekiti aliuliza kama kuna makaburi huko. Wazee wakajibu hakuna, na masikini hawakudanganya, maana kwa desturi yao mtoto akifa kabla ya kupewa jina, wanawake humzika peke yao kwenye udongo mbichi kando ya maji, bila alama yoyote. Mwanamume haonyeshwi mahali wala haulizi, na mama halii mbele za watu. Ukumbini mle mwanamke alikuwa Tusekile peke yake, na binti yake wa pekee amelala Lwifwa. Naye hakumtaja. Sasa machozi yalimlengalenga, akayazuia kama alivyozoea, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ya mbingu za rangi ya jivu, ardhi yake imepasuka kama kisigino cha mkulima. Njia ilikuwa moja tu, na juu yake alikuja bwana mmoja mwenye buti zinazong'aa, anaongea na simu mbili kwa pamoja. Jina lake Haraka. "Mhandisi, tunakungoja wewe tu," alisema, akimshika mkono. "Sema neno tumwage zege. Mambo ya kuwazawaza tutayafanya tukishamaliza." Tusekile alianza kumfuata, kwa kuwa Haraka siku zote anafanana na mtu mwenye kazi ya maana, na ukiwa naye huna nafasi ya kuumia. Lakini kando ya njia alikaa bibi aliyekonda, midomo imebabuka, ndoo tupu mapajani. Huyo alikuwa Kiu.

"Usinichanganye na huyo, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mimi bwawa nalitaka kweli. Wanangu wanakunywa dimbwi moja na ng'ombe." Tusekile alishindwa kumtazama usoni. Ndipo akaja mwanamke mrefu, peku, amejifunga kilemba cheupe, akamwondoa Haraka njiani kwa kumtazama tu. Akasema anaitwa Insafu, mwenye kumpa kila mtu haki yake. "Kiu hasemi uongo, binti yangu, na hesabu zako ni sahihi kwa kila ulichokihesabu. Twende ukaone ulichokiacha."

Wakateremka hadi Lwifwa. Mlangoni mwa bonde walimkuta Aibu, amejitanda kanga hadi machoni, anafagia. Alifagia nyayo za wanawake kwenye tope la ukingoni, kila anayepita, unyayo kwa unyayo, na mgongo ulikuwa umempinda kwa kazi hiyo. "Hapa hakuzikwa mtu," alinong'ona. "Rudi, mwanangu, watu watasikia." Insafu hakumkaripia. Alimpokea ufagio taratibu, akamwambia, "Pumzika sasa, ndugu yangu. Umewalinda vya kutosha."

Hapo Tusekile akawaona. Kando zote mbili za mto walisimama wanawake, vikongwe na wasichana, kila mmoja mahali pake, wameinama wakitazama chini. Katikati yao alikuwa mama yake mzazi, marehemu, ambaye hakuwahi kumwambia lolote.

"Mama, na wewe?"

"Wawili," mama alijibu. "Kabla yako."

Maji yakaanza kupanda. Yaliwafika miguuni, yakawafika magotini, na hakuna aliyesogea. Tusekile alimgeukia Insafu. "Niyazuie? Nilikatae bwawa?"

"Ukilikataa, Kiu atazika watoto wengine. Sikukuleta hapa ili uache kujenga. Nimekuleta ili usiwafunike watu kwa maji huku ukisema hakuna mtu. Acha waliliwe kwanza."

Tusekile alitazama mahali pake, chini ya matete, maji yakipita juu. Alilia kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha.

Mumewe, Ambokile, alikuwa amepiga magoti pembeni ya kochi. "Mke wangu, una nini?" Tusekile hakujifuta machozi. Alijua kesho atasimama kikaoni na kulichagua Lwifwa tena, kwa kuwa hakuna pengine, na atawaambia kwamba wamo watu. Ila haikufaa wageni wasikie kabla ya huyu.

"Mtoto wetu yuko Lwifwa," alisema. "Chini ya matete, upande wa mawio. Bwawa litamfunika."

Desturi ilimtaka Ambokile asiulize, naye hakuuliza. Alikaa sakafuni, akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika.

"Lusajo," alisema mwishowe. "Nilimwita hivyo siku ile mliyomtoa nyumbani kwenda kumzika. Nikaogopa kukwambia." Akainuka, akampa mkono mkewe. "Nipeleke nikamwite kwa jina lake, hata mara moja, angali nchi kavu."